Njoo Julai, usije Agosti

Swahiba wangu,

Salamu nyingi sana. Huku sote hatujambo, ila midomo imebabuka na pua ya shemeji yako inachunika ngozi tangu turudi mlimani. Hofu na mashaka ni kwako wewe. Barua yako ilinikuta katikati ya kufungasha, kamba zimetandazwa sebuleni hakuna hata pa kukanyaga, nikaona nisikujibu kwa pupa. Nikasema acha niende kwanza, nikirudi nitakuwa na la kukuambia.

Uliuliza mawili. La kwanza, kama mimi na wewe tunaweza kuupanda Mlima Baker na kuushuka kwa skii, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, wawili peke yetu, bila kumsumbua mtu. La pili, kama Agosti itafaa, kwa kuwa ndiyo likizo yako. Majibu yangu ni hapana, na hapana. Usinune kabla hujaimaliza barua.

Najua skii unaziweza kuliko mimi. Kwenye vituo vyenye lifti mimi huishia kuuona mgongo wako tu. Lakini Baker hakuna lifti, wala hakuna mtu aliyepita alfajiri kukagua mteremko na kuzungushia kamba palipo na hatari. Hiyo ni volkeno iliyovikwa barafuto, yaani barafu inayotembea, polepole lakini bila kusimama, na kwa kuwa inapita juu ya mwamba wenye matuta na mabonde, inapasuka. Nyufa zake nyingine unazivuka kwa hatua moja, nyingine zinaweza kumeza nyumba. Theluji ya majira ya baridi huzifunika, na mwanzoni mwa kiangazi nyingi bado zimefunikwa. Sisi tunapita juu ya vifuniko hivyo.

Mlima wenyewe uko jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, karibu na mpaka wa Kanada. Urefu wake ni mita 3,286, si wa kutisha. Ila bahari haiko mbali, na pepo za Pasifiki zinakuja na unyevu wote zinaumwaga pale. Msimu wa 1998 hadi 1999, kituo cha skii kilichoko upande wa kaskazini-mashariki kilipima jumla ya theluji ya karibu mita 29, rekodi ya dunia. Ndiyo maana Julai, wakati huko chini watu wanaogelea ziwani, sisi bado tuna karibu mita 1,500 za mteremko wa kushuka bila kuvua skii. (Jina Baker ni la luteni wa meli ya nahodha George Vancouver, aliyeuona mlima kutoka baharini mwaka 1792 ukapewa jina lake. Hakuupanda. Waliofika kileleni wa kwanza, kwa kumbukumbu zilizoandikwa, ni kundi la mchoraji Mwingereza Edmund Coleman, Agosti 1868, naye alikuwa ameshashindwa kabla ya hapo. Watu wa Lummi na Nooksack waliokuwa wakiutazama mlima huo kila siku ya maisha yao, jina lao halikuingia ramanini.)

Tulikwenda kwa njia ya kusini, ya barafuto ya Easton. Gari linaachwa mahali paitwapo Schriebers Meadow, kama mita 1,000 hivi, na kibali cha kuegesha ni dola 5 kwa siku au 30 kwa mwaka. Kutoka pale ni msitu. Skii zimefungwa kwenye shanta, buti za skii zinaning'inia, ncha za skii zinagonga kila tawi, na mbu, Mungu wangu, mbu wa theluji inayoyeyuka hawana adabu. Sehemu hii sitaki kuieleza sana. Inachosha, inaisha.

Ukitoka msituni unapanda juu ya tuta refu jembamba la vifusi wanaloliita Railroad Grade, kwa sababu linapanda kwa mwinamo uleule mmoja mwanzo mwisho utadhani lilijengwa kwa ajili ya reli. Halikujengwa na mtu. Barafuto ya Easton ndiyo iliyolisukuma pembeni, mawe na mchanga, enzi ilipokuwa imejaa hadi ukingoni. Leo ukisimama pale juu na kuchungulia upande wa kulia, unaona bonde tupu la changarawe na kijito kinachopita chini kabisa. Barafu imerudi juu. Wakati fulani katikati ya karne iliyopita barafuto za mlima huu zilisonga mbele kwa miaka kadhaa, hadi karibu na 1980, kisha zikaanza kurudi nyuma na hazijageuka tena. Jirani yetu mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mtu wetu wa tatu kwenye kamba, hawezi kupita hapo bila kusimama kunyoosha fimbo yake: "Nilipokuwa kijana ilifika pale." Shemeji yako humwitikia "Naam, mwalimu", huku akitafuta pa kuweka hema.

Tulipiga hema kama mita 1,800, ukingoni mwa theluji. Jioni, jua lilipozama, nilikwenda kuchota theluji ya kuyeyusha kwa maji ya kunywa, nikawaona minyoo. Usicheke. Ni minyoo ya barafu, myeusi, myembamba, urefu wa sentimita moja au mbili, inatokeza juu ya theluji giza linapoingia na kurudi ndani jua linapochomoza. Inaishi kwenye nyuzi sifuri na joto dogo tu linaiua. Nilimweka mmoja kwenye ncha ya glavu, akajikunja, akajikunjua, nikamrudisha upesi kabla mkono wangu haujamdhuru. Maji niliyachota mbali kidogo na pale.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo safari yote inapoamuliwa, nayo inaamuliwa hata kabla ya kulala. Tulitazama anga. Theluji usiku hupoteza joto lake kwenda juu. Anga likiwa safi, uso wa theluji unaganda hata kama hewa yenyewe haijashuka hadi sifuri. Mawingu yakitanda, joto linarudishwa chini, theluji inabaki tope usiku kucha. Ikibaki tope, vifuniko vya nyufa havina nguvu, na sisi hatuendi. Tunalala, asubuhi tunakunywa chai, tunarudi nyumbani na mbu wetu. Wewe ninakujua, umetoka mbali, umelipa nauli, utasema "tujaribu kidogo". Nakuambia mapema: hatutajaribu kidogo.

Usiku ule nyota zilikuwa zimejaa. Saa saba usiku tulikuwa tumeshajifunga, tochi kichwani, ngozi (vile vitambaa vyenye manyoya vinavyozuia kuteleza nyuma) zimebandikwa chini ya skii, na visu vya chuma vya kufungia kwenye skii tayari mfukoni kwa pale theluji itakapokuwa ngumu mno kwa ngozi kushika. Mwalimu mbele, mimi katikati, shemeji yako nyuma, kamba mita kumi na kitu kati ya mtu na mtu. Kamba haitakiwi kulegea. Wala haitakiwi kumvuta mwenzio. Unaiona ikigusa theluji kidogo tu mbele yako, basi hapo ni sawa. Ikilegea mara mbili mwalimu anasimama, hageuki, anangoja hadi aione imenyooka. Hasemi kitu, lakini unajisikia uko darasani.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Mtu akitumbukia kwenye ufa, waliobaki wanajitupa chini na kukita sululu za barafu au kingo za skii hadi kamba isimame. Wakiwa wawili, mmoja anabaki amelishikilia zito lote, wa pili anakuwa huru: anachimba mtaro, anazika skii au sululu kwa kukingama iwe nanga, anahamishia uzito pale, anaweka shanta chini ya kamba mdomoni mwa ufa ili isizidi kujikata ndani ya theluji, ndipo wanaanza kuvuta kwa kapi. Akiwa mmoja, yote hayo atayafanya akiwa amelala kifudifudi, uzito wa mwenzake ukimvuta kiunoni, mkono mmoja hautumiki. Wapo wanaoweza. Wanafunga mafundo makubwa kwenye kamba yanase kwenye theluji, na wamefanya mazoezi hadi mikono inajua njia yenyewe. Mimi na wewe si hao. Wewe mwepesi, mimi nimenenepa tangu uniache, nikianguka mimi utanifuata.

Skii zenyewe zinasaidia, na watu wengi hawalijui hilo. Mtu wa miguu uzito wake wote unatua kwenye kipande kidogo kilicho chini ya buti. Kwenye skii unatandazwa, na daraja la theluji ambalo lingetoboka chini ya buti linakubeba. Tulivuka moja saa tisa usiku hivi. Mwalimu alichoma fimbo, ikaingia sentimita chache ikagoma. Akachoma tena hatua moja mbele, ikagoma. Akapita. Nilipofika mimi nikamulika pembeni, na pale kifuniko kilipoishia nikaona ukuta wa barafu wenye mistari, rangi ya samawati iliyokolea, ukishuka hadi mwanga wa tochi unapokoma. Nikapita bila kutazama tena. Ufa ule sijui ulikuwa na kina gani, wala sikutaka kujua.

Kulipopambazuka tulikuwa tumefika kwenye bega la mlima, kando ya kasoko ya Sherman, yaani mdomo wa volkeno. Hapo ndipo unapokumbuka kuwa chini ya barafu hii yote kuna moto. Mvuke unafoka kutoka kwenye mashimo, theluji ya kandokando ni chafu, ya manjano na kijivu, na upepo ukigeuka harufu ya salfa inakukaba koo. Machi 1975 mvuke uliongezeka ghafla, watu wakahofia tope la volkeno kuporomoka hadi kwenye bwawa la Baker Lake lililo chini. Maji ya bwawa yakapunguzwa kiasi cha mita 10 na kambi za kando yake zikafungwa. Mlima haukulipuka. Ukaendelea kufoka mvuke wake tu, kama ufanyavyo hadi leo.

Kutoka pale kuna ukuta wa mwisho, Roman Wall, kama mita 300 za mwinuko mkali. Skii zilihamia mgongoni, tukavaa kramponi, yale meno ya chuma, tukapanda kimyakimya. Theluji ilikuwa ngumu hivi kwamba meno yaliingia kidole kimoja tu. Juu yake pametandazika uwanja wa barafu, unautembea hadi kwenye kifundo kidogo kinachohesabiwa kuwa ndicho kilele. Tulifika saa mbili asubuhi. Mlima Shuksan ulikuwa karibu upande wa mashariki, Mlima Rainier mbali kusini, na visiwa vya bahari upande wa magharibi vikianza kutoka kwenye ukungu. Tukapeana mikono. Shemeji yako akatoa karanga.

Kisha tukakaa.

Ninataka ulielewe hili kuliko yote mengine. Kupanda Baker kunahitaji mapafu tu, na wewe unayo. Kushuka kwa skii unakujua. Kitu ambacho lifti hazijakufundisha ni kukaa juu ya kilele, upepo unakupuliza, jasho la kupandia linageuka baridi mgongoni, ilhali mteremko uko pale chini ya miguu yako, na usishuke. Saa mbili Roman Wall bado ilikuwa kioo. Ukianguka pale kwa skii husimami hadi chini, na chini kuna nyufa na kasoko. Walikuwapo vijana wanne waliofika nasi, wakasubiri kidogo, wakachoka, wakashuka. Tuliwasikia kabla ya kuwaona: kingo za skii zikikwaruza barafu, krrr, kimya, krrr, walivyokuwa wakijishusha kiubavu, kila kona wakiifikiria. Walifika salama, namshukuru Mungu. Lakini walibeba skii usiku kucha kuja kushuka kwa namna ile.

Shemeji yako alianza. "Mama, miguu imekufa ganzi." Nikamwambia atembee. Kila baada ya muda mwalimu alikwenda ukingoni, akachoma fimbo, akarudi akitikisa kichwa. Upande huu unatazama kusini, kwa hiyo jua linaulainisha mapema, ila kwa ratiba yake lenyewe, si yako. Unachongoja ni sentimita chache za juu zilegee ziwe chembechembe mfano wa chenga za mchele, huku chini yake kukibaki kugumu. Muda huo haudumu, pengine saa moja, pengine zaidi kidogo. Ukizidi, ugumu wa chini nao unalainika, skii zinazama, na theluji yenye maji inaanza kuteremka yenyewe. Maporomoko ya theluji si ya majira ya baridi peke yake. Julai 1939, upande wa barafuto ya Deming wa mlima huuhuu, poromoko liliukumba msafara wa chuo cha ualimu cha Bellingham na watu sita walikufa. Julai, swahiba. Mwezi uleule.

Saa nne kasorobo mwalimu hakurudi kutoka ukingoni. Alipunga fimbo.

Kona ya kwanza niliipiga kwa woga, ya pili kwa kutoamini. Ule ugumu uliotukera alfajiri ulikuwa umekuwa hariri. Skii zinashika, zinaachia, zinashika, chenga zinaruka pembeni na kuteremka nawe kwa mlio mwembamba, na chini yako dunia nzima ya kijani imelala. Roman Wall tuliyoipanda kwa kuhema ikaisha nikiwa bado nataka. Kwenye kasoko tukasimama, mmoja mmoja, mahali tulipokuwa tumeshapachagua wakati wa kupanda. Kuanzia hapo tulifuata mkondo wetu wenyewe wa kupandia, kwa sababu pale vifuniko tulishavipima usiku, na hatukusimama popote karibu na ufa. Kamba hatukuifunga kushukia. Hilo watu hubishana, na kwa nyufa zilizo wazi kama nilizoziona mwaka fulani mwishoni mwa Julai ningeifunga, hata ingawa kushuka kwa skii watatu mmefungana ni adhabu. Kwa siku ile, theluji ikiwa imejaa na njia tunaijua, niliona ni sawa, na mwalimu aliona ni sawa. Mikanda tulibaki nayo kiunoni, na kamba ilikuwa juu kabisa ya mizigo, tayari.

Chini ya mita 2,200 hivi raha ikapungua. Jua limechonga theluji vishimo vishimo, na kila kishimo kinagonga goti. Pale pia theluji ilikuwa na mabaka mekundu. Ni mwani, mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na wekundu wake unafyonza jua na kuifanya theluji iyeyuke upesi zaidi. Hapo ndipo unapoiona Agosti inavyokuja. Ukifika Agosti, vishimo vitakuwa vimepanda juu zaidi, madaraja mengi yatakuwa yameanguka, barafu ya kijivu itakuwa wazi, na utatumia siku nzima kuzunguka nyufa badala ya kuteleza. Wapandaji wa miguu huenda Agosti, na wana haki yao. Mtu wa skii anaenda kubeba mbao tu.

Kwa hiyo mwombe bosi wako akusogezee likizo. Wiki ya tatu ya Julai hii bado theluji itakuwepo, baada ya hapo siahidi. Na uje siku chache kabla ya safari, kwa sababu kabla hujafungwa kwenye kamba yetu nitakuninginiza kwenye mti ulio nyuma ya nyumba, ujipandishe mwenyewe kwa mafundo ya Prusik, yale yanayokaza kamba ukiyaning'inia na kuachia ukiyasukuma, hadi juu, na shanta mgongoni. Kisha utanivuta mimi. Mwalimu ataweka saa. Usimbishie, mimi nilishambishia nikarudishwa chini nianze upya.

Skii zako nyepesi zinafaa, lete na ngozi zake, na uangalie gundi kabla ya kufunga safari. Ule mkanda wako wa kiunoni wa zamani uache hukohuko. Nailoni huchakaa hata ikiwa kabatini, nasi tuna wa akiba. Sululu tunayo, kramponi tunazo, ila nahitaji namba ya buti zako za skii, ile iliyoandikwa kwenye kisigino, siyo ya viatu vya kawaida, ili nizirekebishe mapema. Miwani lete ya giza kabisa. Losheni ya jua pakaa hadi ndani ya pua na chini ya kidevu, theluji inachoma kutoka chini, muulize shemeji yako.

Nijibu haraka, kabla wiki haijaisha, maana mwalimu naye ana wajukuu wanaokuja na hataki kukaa bila kujua siku. Wasalimie wote hapo nyumbani, mama mpe salamu zake za pekee, na usimwambie habari za nyufa.

Ni mimi,
swahiba wako